Hisa Chache, Swali Moja: Mwongozo Kamili kwa Taasisi za Hisani Zinazotaka Kuwajibisha Kampuni Kupitia Mkutano wa Wanahisa

Taasisi za hisani za Moshi na Arusha zimekuwa zikinijia na malalamiko yanayofanana. Zimenunua hisa, zimemtuma mjumbe kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mjumbe amenyoosha mkono na kusema, kisha amerudi nyumbani na fulana, kalamu na taarifa ya mwaka iliyochapishwa vizuri, lakini bila jibu. Nikiwaomba wanionyeshe walichouliza, karibu kila mara nakuta swali limeulizwa kwa kuchelewa, chini ya agenda isiyo yake, na limebeba mambo matano kwa mpigo.

Kosa la pili ni kufuata miongozo ya Marekani kana kwamba sheria ni moja. Huko, mwanahisa aliyeshikilia hisa za dola 2,000 kwa miaka 3 mfululizo anaweza kupeleka pendekezo lisilozidi maneno 500, na kampuni hulazimika kuliingiza katika karatasi za kura, isipokuwa kama ina sababu inayokubalika kikanuni ya kuliacha. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002 haipimi kwa dola. Kwa mfano, kulazimisha mkutano mkuu maalumu kunahitaji wanachama wenye angalau asilimia 10 ya mtaji uliolipwa, kiwango ambacho wakfu wa mkoani hauwezi kukifikia katika benki kubwa hata ukiuza gari na jengo.

Hisa chache zinawapa vitu vitatu: kiti ukumbini, haki ya kupata taarifa, na haki ya kuuliza mbele ya wamiliki wengine. Hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kuvitumia vyote vitatu.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho. Wakfu ulioko Moshi unafadhili vikundi vya akina mama wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Hai na Rombo. Umegundua kuwa wanavikundi wanasaini mikataba ya mikopo iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawaisomi, katika benki iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Katiba au hati ya udhamini ya taasisi yenu, pamoja na cheti cha usajili, uwe umetoka RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) au kwa Msajili wa NGOs, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali.
- Namba ya mlipakodi ya taasisi na akaunti ya benki yenye jina la taasisi, kwa ajili ya gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa.
- Fedha zisizo na masharti ya mfadhili.
- Dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA, ambaye atawafungulia akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zenu.
- Taarifa za mwaka za kampuni husika za miaka 3 iliyopita.
- Katiba ya kampuni hiyo, ambayo nakala yake huombwa BRELA kwa ada.
- Ushahidi kutoka kwa watu mnaowahudumia, wenye tarehe na ridhaa yao.
- Mtu mmoja, si kamati, atakayebeba jalada hili kwa angalau miaka 2.

Msidharau hicho cha mwisho. Nimeona jalada zuri likifa kwa sababu ofisa wake alipata kazi Dodoma, na hakuna aliyejua barua zilikuwa kwenye kompyuta gani.

## Hatua ya 1: Thibitisheni kwamba kampuni ina hisa mnazoweza kununua

Kampuni nyingi zinazogusa maisha ya watu wa Kilimanjaro na Arusha haziko sokoni. Mashamba ya maua, hoteli na kampuni za utalii karibu zote ni mali ya watu binafsi, na hakuna dalali atakayewauzia hata hisa moja. Orodha ya kampuni zilizo sokoni hupatikana kwenye tovuti ya Soko la Hisa, nayo ni fupi: benki kadhaa, saruji, bia, sigara, simu na nyingine chache.

Ikiwa kampuni mnayoilenga haimo, zipo njia mbili za pembeni. Ya kwanza ni kumtafuta mwanahisa aliyeko tayari. Pale serikali inapokuwa na hisa, kama ilivyo kwa kiwanda cha sukari cha TPC kilichoko Moshi ambako ina asilimia 25, mwenye kuzisimamia ni Msajili wa Hazina, na barua yenu inaweza kwenda kwake. Njia ya pili ni kuiuliza benki inayoikopesha kampuni hiyo, ikiwa benki yenyewe iko sokoni. Benki Kuu ilitoa mwaka 2022 mwongozo wa namna benki zinavyopaswa kusimamia hatari za kifedha zinazotokana na mabadiliko ya tabianchi, kwa hiyo benki ikiulizwa inapimaje hatari za maji na ardhi katika mikopo ya kilimo haiwezi kusema jambo hilo ni geni kwake.

Dalili ya kufaulu: mna jina kamili la kampuni iliyosajiliwa, ambalo linaweza kutofautiana na la kwenye bango, na mnajua nani ana hisa nyingi ndani yake.

## Hatua ya 2: Pateni ruhusa ndani ya nyumba yenu

Someni katiba yenu kuona kama inaruhusu kuwekeza kwenye hisa. Kama iko kimya, mwombeni wakili aeleze kwa maandishi kama mnaweza kuendelea au lazima mrekebishe kwanza. Kisha bodi ipitishe azimio linalotaja mambo manne: kampuni, kiwango cha juu cha fedha, jina la atakayewakilisha taasisi kwenye mikutano, na sababu ya kununua.

Sababu hiyo iandikwe bila kificho. Mkaguzi wa hesabu akiuliza kwa nini wakfu wa kufadhili wafugaji una hisa za benki, jibu liwe kwenye jalada tayari.

Onyo: fedha za mradi zilizotolewa kwa kazi maalumu hazinunui hisa, hata zikirudishwa kabla ya mwezi kwisha. Tumieni akiba ya taasisi au mchango usio na masharti.

## Hatua ya 3: Nunueni mapema, kwa jina sahihi

Hisa zinunuliwe kwa jina la taasisi kama lilivyo kwenye cheti. Kama ninyi ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, jina huanza na "Wadhamini Waliosajiliwa wa", na ndivyo lisomeke kwenye akaunti ya CDS. Wapo walionunua kwa jina la mwenyekiti ili kuokoa muda. Mwenyekiti anapofariki, hisa huingia kwenye mirathi yake, na taasisi hubaki ikiwaeleza warithi jambo wasilolisikia kamwe.

Kampuni nyingi hufunga mwaka wa fedha tarehe 31 Desemba na kufanya mkutano kati ya Mei na Juni. Nunueni kabla ya mwaka kuisha. Tangazo la mkutano kwa kawaida hutaja tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, na jina lisilokuwemo siku hiyo haliingii ukumbini.

Kiasi cha hisa si hoja kubwa. Gawio lake, ambalo kwa kampuni iliyo sokoni hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, huenda lisifikie nauli ya Dar es Salaam.

Dalili ya kufaulu: taarifa ya akaunti ya CDS yenye jina la taasisi, idadi ya hisa na tarehe.

## Hatua ya 4: Chagueni jambo moja, na mlifunge kwenye ushahidi wenu

Hapa ndipo wakfu unapoweza kumshinda mwanahisa wa kawaida. Mwekezaji wa Dar es Salaam anasoma hesabu, ilhali ninyi mnamjua mama aliyesaini mkataba asiouelewa. Wakfu wa Jessie Smith Noyes wa Marekani uliitumia nafasi ya namna hii miaka ya 1990. Ulikuwa na hisa za kampuni ya Intel, na papo hapo ulikuwa ukifadhili kikundi cha wananchi wa New Mexico kilichokuwa na malalamiko kuhusu kiwanda cha kampuni hiyo. Kampuni hatimaye ilirekebisha sera yake kuhusu kuwapa taarifa za mazingira watu wanaoizunguka. Sheria za huko si zetu, lakini mpango ule unahamishika: ruzuku inazaa ushahidi, nazo hisa zinaupeleka ukumbini.

Katika mfano wetu, wakfu ukusanye nakala za mikataba 20 au 30, ufiche majina na namba za akaunti, kisha uandike jedwali la kurasa mbili: tawi, mwezi, lugha ya mkataba, na kama mkopaji alipewa maelezo kwa Kiswahili kabla ya kusaini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu ninyi pia, kwa hiyo ridhaa ya kila mama iwe kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa. Ingekuwa aibu kuilaumu benki kwa kosa mnalolifanya wenyewe.

Baada ya hapo, fungueni taarifa ya mwaka na mtafute ukurasa ambao kampuni yenyewe imezungumzia jambo hilo. Mara nyingi upo: sehemu ya uendelevu, barua ya mwenyekiti, au ahadi ya "huduma jumuishi kwa wanawake". Nukuuni sentensi hiyo pamoja na namba ya ukurasa. Kampuni hushindwa kulikwepa jambo ambalo yenyewe imeliandika.

Onyo: madarasa, madawati na mashuka ya hospitali si mada yenu hapa. Mkiomba msaada mtapelekwa idara ya misaada, na suala la namna kampuni inavyofanya biashara yake litaishia hapo.

## Hatua ya 5: Andikeni swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana

Hapa nitachukua muda, kwa kuwa ndipo wengi wanapoangukia.

Hili ni swali nililoletewa, nikiwa nimebadilisha kidogo ili mwenyewe asitambulike: "Je, bodi ina mpango gani wa kuhakikisha kwamba kampuni inajali maslahi mapana ya jamii, hususan wanawake, vijana na mazingira?" Mwenyekiti yeyote atalijibu kwa dakika tano bila kusema kitu. Atashukuru kwa swali zuri, atataja miti iliyopandwa, na ukumbi utapiga makofi.

Sasa tazameni hili:

"Katika ukurasa wa 41 wa taarifa ya mwaka, benki inasema wateja wote hupewa maelezo yanayoeleweka. Katika mikataba 27 ya mikopo midogo tuliyoiona kutoka matawi mawili ya Kilimanjaro, 25 ilikuwa ya Kiingereza peke yake. Je, bodi itaelekeza kwamba kufikia tarehe 31 Desemba kila mkataba wa mkopo mdogo utolewe kwa Kiswahili, na kwamba utekelezaji wake uripotiwe katika taarifa ya mwaka ujao?"

Swali hili lina viungo vinne: maneno ya kampuni yenyewe, ushahidi unaohesabika, ombi moja lenye tarehe, na mahali pa kuhakiki. Mwenyekiti anaweza kusema ndiyo, anaweza kusema hapana, au anaweza kukwepa. Akikwepa, kila mwenye masikio atajua.

Pimeni urefu kwa kulisoma kwa sauti huku mkitazama saa. Likizidi dakika moja, punguzeni. Kama kuna kanuni inayoliunga mkono, itajeni kwa maneno machache. Katika mfano huu zipo kanuni za Benki Kuu za kulinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Msizigeuze kuwa tishio. Wakurugenzi wakihisi mashtaka humwachia mwanasheria wao ajibu, na mwanasheria hulipwa ili asikubali chochote.

Dalili ya kufaulu: mtu asiyeijua kazi yenu, tuseme dereva wa ofisi, akilisikia mara moja anaweza kurudia mnachoomba.

## Hatua ya 6: Mwandikieni katibu wa kampuni kabla ya mkutano kutangazwa

Katibu wa kampuni ndiye anayeandaa agenda na kutunza kumbukumbu za mkutano. Barua kwa mkurugenzi mtendaji huishia kwa msaidizi wake, na barua kwa idara ya mahusiano hurudi na kalenda ya ukutani. Mwandikieni katibu Januari au Februari, mkiambatanisha uthibitisho wa hisa, azimio la bodi na jedwali la ushahidi, na muombe kikao cha saa moja.

Sababu ya kuwahi ni hii. Notisi ya mkutano mkuu wa mwaka hutolewa angalau siku 21 kabla, na inapotoka agenda imekwisha kufungwa. Tangazo lenyewe kwa kawaida huagiza kwamba mwenye jambo la kuingiza kwenye mengineyo alilete kwa maandishi siku kadhaa kabla ya mkutano. Mimi mwenyewe niliwahi kulipuuza sharti hilo, katika kampuni ambayo haikuwa benki. Nilisimama kwenye mengineyo na karatasi yangu mkononi. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole kama niliwasilisha kwa katibu kabla ya tarehe iliyotajwa, nami sikuwa nimewasilisha. Kipaza sauti kilikwenda kwa mzee wa nyuma yangu aliyetaka kujua kwa nini posho ya nauli imepunguzwa, na mzee yule akajibiwa.

Mkiitwa kikaoni, nendeni wawili: mmoja azungumze, mwingine aandike. Siku inayofuata pelekeni barua fupi ya kuthibitisha kilichosemwa.

Onyo: kikaoni mnaweza kuambiwa jambo ambalo halijatangazwa sokoni, kama hasara au mpango wa kuuza tawi. Mkilisikia, msinunue wala kuuza hisa za kampuni hiyo hadi litangazwe, kwa maana sheria ya masoko ya mitaji inakataza biashara ya siri za ndani. Ni salama kusema mwanzoni kwamba hamtaki kuambiwa mambo ya namna hiyo.

Dalili ya kufaulu: jibu la maandishi. Likitosha, simamisheni safari ya ukumbini na mfuatilie utekelezaji. Mtakuwa mmepata mlichotaka bila hotuba.

## Hatua ya 7: Tafuteni wanahisa wenzenu

Someni orodha ya wanahisa wakubwa 10, ambayo kwa kawaida huwa kwenye taarifa ya mwaka. Mara nyingi mtakuta mfuko wa hifadhi ya jamii, vyama vya ushirika au dayosisi. Wapelekeeni nakala ya swali na muombe jambo dogo: wawepo, na ikiwezekana waseme kwamba nao wangependa kusikia jibu.

Someni pia katiba ya kampuni kuhusu kura. Kura ikipigwa kwa kunyoosha mikono, kila mwanahisa huhesabiwa kuwa mmoja, na hapo wanahisa wadogo huonekana. Ikidaiwa kura ya hisa, ambapo kila hisa ni kura moja, au kura ikipigwa kwa mtandao, mwenye asilimia 60 hushinda kabla hamjafungua simu zenu. Msijenge mkakati juu ya kura.

## Hatua ya 8: Siku ya mkutano

Taasisi haihudhurii kwa mwili, hivyo mwakilishi awe na nakala ya azimio la bodi yenye muhuri. Kama mnatumia fomu ya uwakilishi iliyokuja na notisi, ifikisheni kwa msajili wa hisa ndani ya muda uliotajwa, ambao kwa kawaida ni saa 48 kabla ya mkutano. Mikutano mingi hufanyika Dar es Salaam au kwa mtandao, ingawa ya benki ya CRDB imekuwa ikifanyika katika ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa AICC, Arusha, kwa miaka kadhaa. Kwa asiyewahi kuona mkutano wa wanahisa, hapo ni mahali pazuri pa kujifunza, ilimradi awe mwanahisa.

Fikeni mapema. Kaeni karibu na njia anapopita mwenye kipaza sauti, kwa maana aliyekaa katikati ya safu ya viti 30 huwa hafikiwi.

Msisubiri mengineyo, hata kama mliwasilisha kwa maandishi. Ulizeni mwenyekiti anapofungua agenda ya kupokea taarifa ya wakurugenzi na hesabu. Swali lenu linanukuu taarifa hiyo, kwa hiyo haliwezi kuitwa nje ya agenda, na saa hiyo ukumbi bado umejaa. Mengineyo huja wakati harufu ya pilau imeshaingia.

Mwakilishi aanze na jina la taasisi na idadi ya hisa, asome swali kama lilivyo, akae. Asieleze historia ya wakfu. Mwenyekiti akijibu "tutalifanyia kazi", asimame mara moja tu na kuuliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba kumbukumbu zionyeshe ni nani atalifanyia kazi na lini tutapata jibu."

Onyo: msimtaje mfanyakazi wa tawi kwa jina wala kumtuhumu mtu wizi ukumbini. Haki ya kuuliza haiwalindi na kesi ya kashfa.

Dalili ya kufaulu: jina na tarehe vimetamkwa na mwenyekiti, na mjumbe wenu wa pili ameviandika pamoja na saa.

## Hatua ya 9: Baada ya mkutano

Ndani ya siku 7 mwandikieni katibu mkinukuu alichosema mwenyekiti. Sheria inampa mwanachama haki ya kukagua kumbukumbu za mikutano mikuu. Itumieni, kwa kuwa swali lisiloingia kwenye kumbukumbu litakuwa halijawahi kuulizwa mwaka unaofuata.

Rudini Hai na Rombo muwaeleze wanavikundi kilichojibiwa, hata kama ni kidogo. Wao ndio watakaowaambia kwanza mkataba wa Kiswahili ukianza kutolewa, au tawi likianza kuwanyima mikopo waliotoa nakala zao. Likitokea hilo la pili, liandikeni siku hiyohiyo na mlipeleke kwa katibu kama jambo la dharura.

Tarehe iliyoahidiwa ikipita kimya, mwaka wa pili ulizeni swali lilelile, safari hii mkianza na ahadi ya mwenyekiti na ukurasa wa kumbukumbu ilipoandikwa. Wasilisheni pia malalamiko kwa mdhibiti, ambaye kwa benki ni Benki Kuu, na mfikirie kupiga kura ya hapana pale mkurugenzi aliyesimamia jambo hilo anapoomba kuchaguliwa tena. Kura yenu haitamwangusha, lakini mwakilishi anaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini imepigwa hivyo, na sentensi hiyo nayo ikaombewa nafasi kwenye kumbukumbu.

Msiuze hisa kwa hasira baada ya mkutano wa kwanza. Mkiuza, barua yenu ya Januari itakuwa ya mtu wa nje, na katibu hatakuwa na wajibu wa kuwajibu kama wanahisa.